Sabufa Iliyotoboa Mtumbwi wa Pombe

Huku kwetu Ihembe ukiulizia nyumbani kwa Jovin utazungushwa kwenye migomba ya watu mpaka miguu iume, lakini ulizia kwa Kisigino, hata mtoto anayechunga mbuzi atakufikisha mlangoni. Jina hilo sikupewa kanisani. Nililipata ndani ya mtumbwi wa pombe, mbele ya majirani, mbele ya baba yangu, na mbele ya mzee ambaye katika mkoa mzima wa Kagera ndiye pekee ambaye sikutakiwa kabisa kumkera wiki ile. Kusimulia naona aibu mpaka leo, ila nimechoka kuwasikia wengine wakisimulia vibaya (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, uongo mtupu, ile ilikuwa bado juisi), kwa hiyo acheni niseme mwenyewe, na mkicheka mcheke mkijua ukweli.

Chanzo chake ni sabufa. Nilikuwa kidato cha tatu, na nyumbani hatukuwa na chombo chochote cha muziki zaidi ya redio ndogo ya Tata, baba yangu, ya kusikilizia matangazo ya vifo, ambayo ukiigusa tu unaulizwa nani kafa. Mimi nikaamua nitakuwa na sabufa yangu. Wanaonijua wanajua kwamba nikishaamua nimeamua, Mama alikuwa anasema kichwa changu alikipata siku ambayo Mungu alikuwa amebakiwa na mawe tu. Nikachuma kahawa za watu, nikaanika, nikapepeta, likizo nikabeba mikungu ya ndizi kutoka mabondeni hadi kwenye fuso barabarani mpaka bega likaota sugu, na mwisho nikaenda mjini Kayanga nikarudi na boksi nimelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani kulikuwa na sabufa nyeusi, spika zake mbili ndogo, rimoti, na taa za bluu zinazokimbizana. Nikaiunga kwenye betri ya sola, nikachomeka flashi, ikaimba. Jamani, nililia. Nilimwambia Mama moshi wa jikoni umeniingia machoni, na yeye akakubali ingawa siku hiyo jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Sasa tatizo la binadamu ni kwamba hatosheki. Kule senta kulikuwa na kinyozi mwenye spika iliyokuwa ikinguruma mpaka vioo vya saluni vinatetemeka, na yangu nikiipima nayo naona inakohoa tu. Nikaanza kutafuta namna ya kuiongezea mngurumo. Nikaiweka kwenye pipa, ikatoa sauti ya mtu aliyetumbukia chooni. Nikaiweka juu ya debe, debe likawa ndilo linaloimba. Ndipo siku moja nikapita nyuma ya nyumba, nikaona mtumbwi wa babu umefunikwa chini juu, kuku akaruka akatua mgongoni mwake, na ule mtumbwi ukatoa sauti: duu.

Kwa asiyejua kwetu, huu si mtumbwi wa ziwani. Ni gogo moja kubwa lililochongwa ndani, refu kuliko kitanda, la kukanyagia ndizi za pombe. Wa kwetu aliuchonga babu mzaa baba, na ingawa ulilala kwenye kibanja chetu, ulikuwa mali ya mtaa mzima, maana hakuna harusi wala kipaimara wala matanga yaliyopita bila mtu kuja kwa Tata kusema, "Waitu, jamani, tunaomba mtumbwi." Tata alikuwa hakatai, ila alikuwa anaukagua ukienda na anaukagua ukirudi.

Mimi nikaona spika tu. Nikafungua sabufa kwa bisibisi, nikatoa ile spika kubwa, nikaiunga waya mrefu, nikaiingiza chini ya mtumbwi, nikaushusha. Mtumbwi ukaubana waya, ikapiga shoti, cheche. Nikaunga tena, ukaubana tena. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikautazama ule mgongo wa mtumbwi, nikajiambia: hapa kinachotakiwa ni katundu. Katundu tu kadogo, ka kupitishia waya, na nikimaliza nakaziba, nani atajua? Tata alikuwa kwa shangazi Kituntu kwenye matanga. Nikachukua kipande cha nondo, nikakipasha kwenye mafiga mpaka kikawa chekundu, nikachoma. Mti wa babu ulikuwa mgumu, nikarudia na kurudia, na kile nilichokiita katundu kikaishia kikiwa kinaingia kidole gumba.

Lakini ule mngurumo! Siwezi kusema uongo, sijasikia tena kitu kama kile. Ardhi ilikuwa inatetemeka, majani ya migomba yanatikisika bila upepo, vijana wakapanda kutoka bondeni wakidhani kuna harusi, Anacleth kaka yangu akaacha jembe akaja akacheza mpaka shati likalowa. Wiki nzima nilikuwa mtu mkubwa. Habari ilipokuja kwamba Tata anarudi, nikachonga kigingi cha mti wa mkahawa, nikakigongomelea, nikakipaka ulimbo na masizi, nikamimina ndoo ya maji kupima. Halikudondoka tone. Nikajisifu.

Nilichosahau (au nilichojifanya kusahau) ni kwamba mwezi ule Anacleth alikuwa anaoa. Alikuwa amempata Adventina, binti wa Nyakatuntu kule Kyerwa, na huyu binti alikuwa amelelewa na baba yake mkubwa, mzee Rwiza, baada ya baba yake mzazi kufariki. Mzee Rwiza alisifika kwa kushika mila. Barua ya posa alikuwa ameipokea, bado sisi kupeleka pombe, na kila mtu alituonya kwamba kwa mzee yule kibuyu kisichojaa mpaka shingoni ni tusi, kwamba kuna watu wa Kituntu walishawahi kurudishwa na vibuyu vyao na posa yao ikafia njiani. Anacleth alikuwa halali. Alikuwa kijana mpole, si mtu wa maneno mengi, na alikuwa anampenda yule binti kiasi kwamba akitajiwa jina lake tu anaanza kufuta kitu usoni ambacho hakipo.

Ndizi zikavundikwa shimoni, zikaiva, siku ya kukanyaga ikafika. Majirani wakaja. Mtumbwi ukageuzwa, ukawekwa juu ya magogo, Tata akaupitishia mkono ndani kama kawaida yake, mkono ukapita juu ya kigingi changu, ukasimama kidogo, ukaendelea. Nikapumua. Ndizi zikamenywa, zikamwagwa mle ndani pamoja na nyasi za kukamulia, tukanawa miguu tukaingia: mimi, Anacleth, na jirani yetu Byera, mtu mnene ambaye akipanda pikipiki, pikipiki ndiyo inayolalamika.

Tulianza vizuri. Tunaimba, tunakanyaga, juisi inaanza kutoka, inapanda kwenye vifundo vya miguu, tamu, ina povu. Byera akapata mori. Akaruka. Alipotua nikasikia chini ya unyayo wangu kitu kimeteleza, puu, kigingi kikatoka kikadondoka chini, na juisi ikaanza kukimbilia pale kama watu wanaowahi lori la mnada.

Hapa ndipo ningesema. Ningepaza sauti tu, "Tata, mtumbwi unavuja," ningekula bakora zangu, kitu kingezibwa, mambo yakaisha. Badala yake nikaweka kisigino. Kikaziba sawasawa, utadhani tundu lilipimwa kwa kisigino changu, na juisi ikaacha kutoka. Nikajiambia, Jovin, ndoa ya kaka yako iko chini ya kisigino hiki, na hakitoki hapa hata ije mvua ya mawe.

Wenzangu wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, wanazunguka. Mimi nimesimama.

"Wewe Jovin," Tata akasema, "umeota mizizi?"

"Hapana, Tata. Nakanyagia hapa hapa. Hapa ndipo penye ndizi ngumu."

"Ndizi zote zimeiva shimo moja, ngumu imetoka wapi?"

"Ipo, Tata. Naihisi."

Nikawa nakanyaga kwa mguu mmoja, ule mwingine umekita. Ukitaka kujua taabu ya kazi hiyo, jaribu kucheza ngoma huku umesimama kwenye kidole cha mtu. Mguu ukaanza kufa ganzi. Nyuki nao (nyuki wa kwetu hukuti pombe inakanyagwa wao hawajui) wakaja, mmoja akatua shingoni, mwingine akaingia kwenye kaptula, nikachomwa mahali ambapo sitapataja, nikauma meno, sikusogea. Byera akashuka. Anacleth akashuka. Nyasi zikakamuliwa zikatolewa, maji yakaongezwa, Mama akaleta mtama uliokaangwa na kusagwa, na mimi bado nimo tumboni mwa mtumbwi, nimesimama katikati ya juisi kama nguzo ya simu.

"Toka basi," Mama akasema, "au unataka tukufunike na majani uchachuke nayo?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Akili yangu yote ilikuwa inahesabu namna ya kumnong'oneza Anacleth alete gunzi la hindi, matambara, chochote, na nilikuwa nimeshamkonyeza mara kadhaa (yeye akadhani ni nyuki) pale tuliposikia sauti mlangoni mwa ua.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa ni mzee Rwiza. Alikuwa ametoka kumwona dada yake Kituntu, akasema ngoja apitie tu awasalimie wakwe (kupitia gani huko, alikuja kuchungulia). Amevaa koti lake la misa, viatu vyeusi vinang'aa, fimbo mkononi. Ua mzima ukabadilika. Mama akapiga magoti, Anacleth akainama akaweka mikono yote miwili, Byera akaficha tumbo, kila mtu shikamoo, shikamoo, na mzee anaitikia marahaba mmoja mmoja huku anasogea, mpaka akafika mbele ya mtumbwi, akainua uso, akaniangalia.

Kwetu kijana hamsalimii mzee akiwa juu yake. Ukiwa mtini unashuka. Ukiwa juu ya paa unaezeka, unashuka. Ukiwa kwenye baiskeli unashuka unaiegemeza kwanza. Hilo mtoto analijua kabla hajajua kuhesabu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kutoka juu.

Byera akasahau kuficha tumbo.

"Jovin," Tata akasema polepole, "shuka umsalimie mzee."

"Tata, miguu yangu ina juisi, nitamchafulia mzee."

"Shuka."

"Tata, naomba nimsalimie hapa hapa."

Mzee Rwiza akamgeukia Anacleth. "Huyu ndiye mdogo wako?" Anacleth akasema ndiyo, na akaanza kufuta uso. Niliumia kumwona. Nilitaka kulia, nilitaka ardhi ipasuke, lakini bado kichwa changu cha mawe kinaniambia kaza, Jovin, kaza, atakwenda tu, wazee hawakai. Hata magoti nilijaribu kupiga nikiwa mle mle ndani, nikipiga goti moja, kisigino kimebaki kwenye tundu, na juisi ikanifika kifuani, nikasema tena shikamoo nikiwa nimelowa hivyo, na nadhani hilo ndilo lililowamaliza watu.

Tata alikuja, akanishika chini ya makwapa, akaninyanyua.

Kisigino kikatoka na sauti ya chupa inayofunguliwa. Mzee Rwiza alikuwa amesimama pale pale upande wa tundu, na juisi iliyokuwa imekaa ikisubiri muda wote ule ikatoka kwa hasira, ikagonga gogo la chini, ikaruka, ikamlowesha kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye magoti ya suruali. "Mawe, mama yangu!" Mama akapiga kelele. Byera akajitupa akaweka kiganja, akateleza, akalala nayo. Mtu akaleta ndoo, mwingine beseni, kuku wakaja, mbuzi akakata kamba akaja, na mimi nikarudi kwa magoti nikasukuma kidole gumba kwenye lile tundu, na kidole changu gumba kikatoshea (bila shaka kingetoshea, nilikichoma mwenyewe) na hapo ndipo Tata alipoinama akaliangalia. Akaona mti ulivyoungua pembeni, duara, safi, kazi ya nondo. Akaniangalia.

Mzee Rwiza alitoa leso, akafuta kiatu kimoja, akakitazama cha pili, akaacha. "Kasinge waitu, asanteni," akasema, "tutaonana kwetu." Akaondoka.

Tuliokoa nusu. Nusu ile ikatiwa mtama, ikafunikwa, ikachachuka vizuri sana, ikawa rubisi, pombe ya ndizi ambayo Byera anaapa ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kukanyaga, lakini nusu ni nusu. Ndizi nyingine za kuvundika hazikuwepo na siku ilikuwa imeshapangwa. Anacleth hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia?" na sabufa ilikuwa pale mezani na taa zake za bluu, nikaizima.

Nyakatuntu nilikwenda kwa amri. Tukakaa kwenye jamvi upande wa wageni, vibuyu mbele yetu vimefungwa majani ya migomba shingoni ili visionyeshe aibu yao. Mzee Rwiza akaamuru vifunguliwe. Akachungulia cha kwanza. Akachungulia cha pili. Akina mama wa upande wao wakaanza kunong'ona, na mlangoni nikaona uso wa Adventina umetoka kidogo, ukarudi.

"Yuko wapi," mzee akauliza, "yule kijana aliyenisalimia kutoka angani?"

Nikasimama, nikakumbuka, nikapiga magoti. Nikasema yote. Sabufa, kinyozi wa senta, nondo, kigingi, Byera, kisigino. Nilianza macho yakiwa kwenye jamvi, ila nilipofika kwenye "hapa ndipo penye ndizi ngumu" nikasikia mwanamke mmoja amekohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko, kisha mwingine, na nilipofika kwenye nyuki na kaptula jamvi zima lilikuwa linatikisika. Mzee Rwiza peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Mila haina kicheko," akasema. "Pombe imepungua, kuna faini. Na kwetu hatumtozi asiyekosa. Kilichotoboa mtumbwi ndicho kilipe pombe. Hiyo sabufa ije ikae hapa."

Tata akafungua mdomo kutaka kumpa mbuzi badala yake. Anacleth akaniinamia sikioni akasema, "Usikubali. Ni jasho lako lile. Mimi nitaomba, tutarudi hata mwakani." Alisema mwakani na sauti ikamkatika. Nikageuka nikamwona kaka yangu, mtu mzima, machozi yamemjaa, yuko tayari kumsubiri mkewe mwaka mzima ili mimi nibaki na taa zangu za bluu. Kichwa changu cha mawe kikaamua hapo hapo.

"Mzee," nikasema, "naileta mwenyewe."

Na nikaileta. Niliikumbatia kifuani vilevile nilivyoitoa Kayanga, spika imerudishwa mahali pake, skrubu zote zimekazwa. Nikaifunga sebuleni kwa mzee Rwiza, nikamwonyesha rimoti, nikamtafutia stesheni ya matangazo ya vifo na ya kwaya, akasikiliza ameegemea fimbo, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Kisha akanivuta pembeni, akaangalia kama akina mama wa jikoni hawasikii, akaninong'oneza: "Ule mngurumo uliosema. Nami nina mtumbwi huko nyuma, mkubwa kuliko wa kwenu."

"Hapana, mzee," nikasema. "Nimekosa mengi, lakini hapo hapana."

Ndoa ilifungwa. Mtumbwi wa babu Tata aliuziba kwa kigingi cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, ambacho hakijavuja tone mpaka leo, ingawa kila pombe ikikanyagwa lazima mjinga mmoja apige kelele, "Mwiteni Kisigino aje akae tayari!" Nami naenda, nakaa tayari, maana nimeapa sitatoboa kitu nisichokichonga, na kikivuja nitasema kabla hakijaulizwa.

Sabufa nyingine sijanunua. Fedha ikipatikana huwa kuna bati, kuna ada, kuna mtoto anakohoa. Ile yangu bado inaimba Nyakatuntu. Na watoto wa Anacleth, ambao bila sabufa ile pengine wasingekuwepo, wakitoka likizo kwa babu yao Rwiza huja kunikalia mapajani na kuniuliza kwa huruma kabisa: "Baba mdogo, kwa babu kuna sabufa kubwa yenye taa za bluu. Wewe kwa nini hujawahi kuwa nayo?"